Rsync dukani Langoni: kazi safi, domo refu

Kazi yangu ni picha za harusi, hapa Langoni, Lamu. Msimu ukichanganya diski hujaa upesi, na umeme wetu mnaujua. Kwa hiyo jioni picha zinaingia diski ya nje, na usiku nakala nyingine inakwenda kwenye kompyuta ya shemeji yangu Malindi. Zote mbili nazifanya kwa rsync, programu ya bure waliyoitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996. Kunakili inanakili, hapo sina neno. Kilichonichosha ni domo lake, yaani maneno inayoyaandika kwenye skrini ikiwa kazini.

Ukiipa -a (nakili folda na vyote vilivyomo) peke yake, haisemi kitu. Kijana wangu wa dukani akiitazama huuliza, "Ami, imeganda ama yaenda?" Ukiongeza -v, inamwaga jina la kila picha, na kosa la maana likitokea linapita katikati ya majina hayo usilione. Nayo --progress ndiyo balaa zaidi, maana kila faili lina asilimia yake.

Kilichoniponya ni --info=progress2. Mstari mmoja kwa kazi nzima: kiasi kilichokwenda, asilimia, kasi, muda. Inahitaji toleo la 3.1.0, la mwaka 2013, au lililofuata. Msishtuke asilimia ikipanda kisha ikarudi chini. Rsync huanza kunakili huku bado inatafuta mafaili. Mwisho wa mstari ukiona ir-chk, bado inatafuta. Ikigeuka to-chk, imemaliza. Asiyependa mchezo huo aongeze --no-inc-recursive, ila itakaa kwanza ihesabu yote.

Ninayoipenda hasa ni -i, inayoorodhesha kila badiliko. Kabla ya kutumia --delete, inayofuta kwenye nakala mafaili yasiyopo tena kwangu, mimi huiendesha na -n, isiguse kitu, inionyeshe tu:

>f+++++++++ harusi/IMG_4471.NEF
>f.st...... harusi/orodha.txt
*deleting   harusi/jaribio.jpg

La kwanza ni faili jipya. La pili limebadilika ukubwa (s) na saa (t). La tatu litafutwa, na hapo ndipo macho yangu yanapotua. Nikituma Malindi mshale unageuka kuwa <f, kwa kuwa faili linatoka kwangu.

Usiku cron, programu inayoanzisha kazi kwa saa uliyoipangia, ndiyo inayoiamsha, kwa -q na --log-file. Makosa bado yanasema; mengine yote yanaandikwa kwenye faili la kumbukumbu. Asubuhi nalifungua hata kama hakuna lalama, kwa sababu kazi isiyoanza kabisa nayo iko kimya vilevile.

Lawama yangu: mwongozo wake ni mrefu, wa Kiingereza kitupu, na progress2 imefukiwa ndani huko wakati ingefaa iwe ya kwanza kuonekana. Anayeogopa kuandika amri simshauri, atafute programu ya kubofya. Mwenye mafaili mengi na intaneti ya kusuasua, aichukue.