Wametuuzia vali nzuri, wakaiua wenyewe siku ya kuifunga

Msiwape kazi ya kuifunga vali kwenye bomba. Vali nunueni kwao mkitaka, lakini wakisema bei yao ina ufundi ndani, waambieni wautoe huo ufundi kwenye invoisi, kisha mtafute mtu mwingine. Nimesubiri hasira ipoe kabla ya kuandika. Haijapoa.

Jina la kampuni silitaji. Wana duka Kampala, wanaleta vali za mvuke kutoka Ulaya, na upande wa mauzo ni watu wa heshima: dada wa mapokezi anakuita ssebo, yaani bwana, anapokea simu, anakutumia picha ya mzigo ukiwa tayari kwenye basi la kuja Mbarara, kwenye kiwanda chetu cha maziwa. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu uko kwenye mita chache za mrija mwembamba wa shaba.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, vali yetu ni ile inayojiendesha, isiyotaka umeme wala hewa ya kompresa. Kuna kihisi, kijiti cha chuma kilichojaa kimiminika, kinachozamishwa ndani ya maji ya moto. Maji yakizidi joto, kimiminika kinatanuka, kinasukuma kupitia kapilari, ule mrija mwembamba wa shaba, hadi kichwani mwa vali, vali inafunga na mvuke unapungua. Maji yakipoa kimiminika kinasinyaa, springi inairudisha vali wazi. Ni hivyo tu, mchana na usiku. Hakuna kadi ya kielektroniki ya kuungua umeme ukirudi kwa kishindo.

Niliipigania vali hii mbele ya bosi. Ya zamani ilikuwa ya hewa, na kompresa yetu imechoka, inatoa hewa yenye maji na mafuta. Kile kifaa kinachogeuza ishara ya umeme kuwa hewa kina vitundu vidogo mno. Vikiziba, vali haisikii tena amri. Juu ya hapo boila yetu ni ya kuni za mikaratusi. Msimu wa mvua kuni zinakuja mbichi, presha ya mvuke inapanda na kushuka, na vali isiyoitikia haitufai kitu. Maziwa tunayapasha hadi nyuzi joto 72 na kuyashikilia hapo sekunde 15. Maji yanayoyapasha yanatakiwa yawe juu ya hapo kwa nyuzi chache tu. Maziwa yakiwa chini ya 72, ile vali ya kugeuza njia inayarudisha nyuma, hayafiki kwenye paketi. Hiyo inamlinda mnywaji. Joto likizidi, hakuna kinachorudisha chochote: maziwa yanagandia kwenye sahani za mtambo, na yanayopita yanakwenda na ladha ya kuungua. Kwa hiyo vali ya mvuke kwetu si kitu cha kufungwa na mtu mwenye haraka.

Aliyekuja alikuwa injinia kijana na msaidizi wake. Walichelewa, sikujali, barabara ya Masaka kila mtu anaijua. Nilimpeleka mahali penyewe, nikamwambia kwa adabu, "Injinia, bomba hili limechomelewa juzi. Tulipulize kwa mvuke kwanza kabla vali haijaingia, uchafu wa welding utoke." Akasema hakuna haja, chujio litakamata. Chujio linakamata kinachotoka nyuma yake. Kipande cha welding kilichobaki kati ya chujio na vali, nani atakikamata?

Chujio lenyewe akalifunga tumbo lake, pale penye wavu, likitazama chini. Kwenye bomba la maji hiyo ni sawa. Kwenye mvuke tumbo linalazwa ubavu, kwa sababu likitazama chini linajaa maji, na mvuke ukija kwa kasi unayabeba na kuyapiga kwenye siti ya vali, pale inapokalia ikifunga. Nikasema na hilo. Akanitazama tu.

Kisha kapilari. Ilikuwa ndefu kuliko umbali wa kutoka tangi la maji ya moto hadi kwenye vali, na kila mtu wa kazi hii anajua la kufanya: ziada unaizungusha mduara mpana, unaifunga mahali pasipo na joto, umemaliza. Yeye aliikunja. Aliikunja kwa mkono, akaibana kwa koleo kwenye kona ya chuma cha pembe ili ilale vizuri ukutani, na iliyobaki akaifunga kwa waya juu ya bomba la mvuke ambalo halijavishwa chochote cha kuzuia joto. Nikamwambia, "Kijana wangu, huo si waya wa umeme. Ndani kuna njia nyembamba ya kimiminika. Ukikunja hapo umeibana."

Akainua kichwa, akawatazama vibarua waliokuwa wanashusha kuni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mzee, hii kitu nimeisomea. Wewe endelea na kuni zako."

Kuni zako. Nimefungua na kufunga vali za mvuke tangu ujana wangu kule Jinja, kwenye viwanda ambavyo vingine leo ni kuta tupu. Sikumwomba anisifu. Nilimwomba asivunje kitu ambacho kiwanda kimelipia. Na hata ningekuwa mpasua kuni kweli, ile kapilari ilikuwa inakunjwa mbele ya macho yangu, na mpasua kuni naye ana macho. Kijana wetu wa boila, mzaliwa wa Kivu aliyekulia kambi ya Nakivale, aliniambia polepole, "Papa, muache, ataona." Hakuona yeye. Tulioona ni sisi.

Mwanzoni vali ilifanya kazi kwa uvivu. Joto lilivuka alama, likashuka chini yake, likapanda tena. Sehemu ya sababu ilikuwa kihisi: alikitumbukiza kwenye mfuko wake wa chuma kikiwa kikavu, bila mafuta wala pasta ya kupitisha joto, hivyo habari za maji zilikuwa zinakifikia kwa kuchelewa. Hilo nililitengeneza mwenyewe, pakawa na nafuu kidogo. Kisha, majuma kadhaa baadaye, mtetemo wa bomba ukamalizia kazi ya koleo. Pale pale kwenye mkunjo kapilari ikapata ufa ambao kwa macho huuoni, na kimiminika kikavuja kikaisha.

Watu wengi wanadhani vali ikifa inafunga. Hii ya kupasha joto haifungi. Kimiminika kikiondoka inayobaki ni springi, na kazi ya springi ni kuifungua. Mvuke wote unaingia, na hakuna wa kuukataza. Ilikuwa asubuhi, malori ya vituo vya kupozea yameshafika, wengine wako getini na makopo yao juu ya bodaboda. Maji yakapita nyuzi 80, yakapita 90, tangi likaanza kuchemka kabisa, maana huku Mbarara tuko juu na maji hayasubiri 100, karibu na 95 yanatokota. Kijana wa boila akaikimbilia vali ya mkono, akawa anafungua kidogo, anafunga kidogo, jicho kwenye kipimajoto, kama mama anayekoroga uji usishike chini. Aliifanya kazi hiyo hadi mchana na glavu imetoboka kidole. Nataka ijulikane hapa kwamba aliyeokoa kiwanda siku ile ni yeye, mtu wa kuni.

Maziwa yaliyokuwa ndani ya mtambo yaliungua. Tulipofungua sahani tulikuta ukoko wa kahawia. Tukapitisha kostiki soda, kisha asidi, kisha kostiki tena, na bado nyingine zilitaka brashi. Wakulima waliambiwa wasubiri. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yanasubiri nini? Niliwaona baadhi wakigeuza pikipiki kurudi, na mmoja wao ni mzee ninayemheshimu sana, ambaye maziwa ya siku moja ndiyo karo ya mjukuu. Sikuwa na la kumwambia.

Nikapiga simu Kampala. Yule dada akaniunganisha, na aliyepokea ni injinia yule yule. Nikaeleza yote. Akasema waranti haigusi kapilari iliyoharibiwa na mtumiaji. Mtumiaji! Nikamtumia picha za mkunjo, picha za alama za koleo, picha ya waya wake mwenyewe alioufunga kwa mikono yake. Tiki za bluu zikatokea. Jibu halikuja. Nikamtafuta mkuu wake, na huyo, kwa haki, hakunitukana. Alisema tu kwamba kapilari haitengenezwi, inanunuliwa mpya pamoja na kihisi na kichwa chake, kipande kimoja, na bei ni hii. Ni kweli kabisa haitengenezwi. Ndiyo sababu haikunjwi kwa koleo.

Tulilipa. Hatukuwa na njia, kichwa cha kampuni nyingine hakikai kwenye vali hiyo. Safari hii bosi alikataa wasilete mtu, akamwita fundi mzee wa Katwe aliyewahi kututengenezea pampu. Tulipoifungua vali tulikuta kile kile nilichokisema siku ya kwanza: punje ya welding imekwama na kutia kovu kwenye siti, na pembeni mfereji mwembamba uliochimbwa na maji yaliyokuwa yakipigwa na mvuke. Vali mpya kabisa hiyo. Mzee aliisaga kwa pasta ya kusagia, polepole, anageuza, anafuta, anatazama kwenye mwanga, anarudia, hadi alama ikawa duara moja lisilokatika. Tukalipuliza bomba. Tukalilaza chujio ubavu. Kapilari mpya tukaizungusha mduara mpana, mbali na bomba la mvuke, na bomba lenyewe tukalivika.

Na hapa lazima niwe mkweli kwa wale niliokuwa nawasema vibaya: vali ni nzuri mno. Sijawahi kushika iliyo bora. Tangu tulipoifunga sawasawa, mshale wa kipimajoto unatulia pale ulipowekwa, na presha ya boila ikiyumba kwa kuni mbichi vali inaijibu kabla sijanyanyuka kwenye kiti. Haina kelele, haina kadi, haina kompresa. Kuna usiku nilikaa nikiitazama tu inavyofanya kazi, nikafurahi kama siku ya kwanza nilipofika mjini na kuona kazi ya mikono inayokwenda vizuri. Nilikuwa nimeamua kabisa kuandika kwamba nawasamehe, kwamba mtu mmoja mwenye kiburi asiwaharibie jina watu wanaouza kitu cha namna hii, na kwamba viwanda vyote vya maziwa kuanzia Kiruhura hadi Isingiro viagize hizi.

Juma hili ikaja invoisi. Salio la kazi ya kufunga, maneno yao wenyewe: "ufungaji na uwashaji wa mtambo". Wanadai malipo ya ule mkunjo. Wanadai malipo ya tumbo la chujio lililotazama chini.

Basi nimerudi pale pale nilipoanzia, na zaidi. Hata kununua sasa nasita kuwashauri, kwa sababu kuna jambo jingine nililiona nilipoisoma upya nukuu yao ya kwanza: hakuna mstari hata mmoja kuhusu kifaa cha pili cha usalama, kile kinachojitegemea na kukata mvuke joto likivuka kikomo. Mtu anayeuza vali ambayo ikifa inafunguka, na anajua kwamba ikifa inafunguka, analiachaje hilo? Sisi tumekiagiza kwa wengine. Wewe unayeagiza leo ulizia kwanza hicho, halafu ndio uzungumzie bei.

Nimeongea na bosi na mhasibu. Salio halilipwi mpaka wafanye mambo mawili: waturudishie pesa ya kile kipande tulichonunua mara ya pili, na injinia yule aje kiwandani, asimame pale pale penye kuni, amwombe radhi kijana wa boila kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ile. Kapilari iliyokufa, na alama za koleo zikiwa bado juu yake, iko kwenye kabati la mhasibu. Wakija kudai, wataanza kwa kuonyeshwa hiyo.