Vitabu vya Alabama: uanze na kipi?

Kama unataka kuijua Alabama, jimbo la kusini mwa Marekani, na hela yako inatosha kitabu kimoja tu, nunua *Barracoon* cha Zora Neale Hurston. Ni chembamba, utakimaliza kwa siku mbili. Kinamhusu mzee Cudjo Lewis, jina lake la kwao Kossola, aliyetekwa Afrika Magharibi akavushwa bahari mwaka 1860 kwenye meli ya Clotilda, zaidi ya miaka 50 baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje. Hurston alimfuata nyumbani kwake karibu na mji wa Mobile, Alabama, mwaka 1927. Siku ya kupigwa picha mzee alivaa suti yake nzuri, kisha akavua viatu, maana alitaka aonekane kama yuko Afrika. Nilipofika hapo ilibidi nikiweke kitabu chini kwanza.

Kilikaa miaka mingi bila kuchapishwa hadi 2018. Maneno ya mzee yameandikwa vilevile alivyoyatamka, kwa hiyo Kiingereza chake kitakusumbua mwanzoni. Soma kwa sauti, sikio litakusaidia. Kitabu cha sauti pia kipo, na kwa hiki nakipendekeza kabisa.

Cha pili ni *All God's Dangers* cha Theodore Rosengarten, cha mwaka 1974. Msimulizi ni mkulima wa pamba, Ned Cobb, ambaye kitabuni anaitwa Nate Shaw. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini nyumbu wake anawataja kwa majina, mmoja mmoja. Hakuna kitabu kilichonielewesha vizuri zaidi jinsi deni lilivyomfunga mkulima mweusi: unakopa mbolea na chakula, unalima mwaka mzima, halafu mavuno yakija daftari analo mwenye mali. Mwaka 1932 Cobb aliwazuia manaibu wa sherifu (mkuu wa polisi wa eneo) waliokuja kuchukua mifugo ya jirani yake. Akapigwa risasi, akafungwa miaka 12. Kitabu ni kinene, na maandishi yamebanana. Tafuta kilichotumika cha jalada laini, maana jalada gumu litakuongezea gharama ya kusafirishiwa.

Kwa Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi mjini Montgomery, Alabama, chukua cha Jeanne Theoharis cha 2013, *The Rebellious Life of Mrs. Rosa Parks*. Wengi tumefundishwa kwamba alikuwa mshonaji aliyechoka tu siku ile ya Desemba 1955. Si kweli. Alikuwa ameshafanya harakati kwa miaka, tena akiwa katibu wa tawi la Montgomery la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na kitabu hiki kinamrudishia heshima hiyo.

*Carry Me Home* cha Diane McWhorter, kuhusu mapambano ya haki za watu weusi ya 1963 katika mji wa Birmingham, Alabama, kilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2002. Ni kizuri, ila majina ni mengi mno. Kiache mpaka uwe umeshaujua mji kidogo.

*Up from Slavery* cha Booker T. Washington, mwanzilishi wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, usikinunue. Kilitoka 1901, haki zake zimeisha, na kinapatikana bure kwenye intaneti. Matoleo mengi ya bei rahisi yanayouzwa ni maandishi hayohayo yaliyotiwa jalada jipya. Hela hiyo ongezea kwenye kitabu cha Cobb.