Doksisaiklini au azithromaisini: zote hulenga ribosomu, ila kila moja na mahali pake

Bakteria asipotengeneza protini hakui wala hazaliani. Kiwanda chake cha protini ni ribosomu, yenye vipande viwili: kidogo, 30S, na kikubwa, 50S. Ribosomu zilizo nje ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli) katika seli zetu ni za umbo jingine, 80S, ndiyo maana antibiotiki hizi mbili, doksisaiklini na azithromaisini, humwelemea bakteria kuliko mgonjwa.

Doksisaiklini hung'ang'ania kipande cha 30S. Hapo huziba nafasi ambayo tRNA, molekuli ya uchukuzi, huingilia ikiwa imebeba asidi amino, yaani pingili ya protini, hivyo mnyororo wa protini haupati pingili mpya. Azithromaisini huruhusu kazi ianze. Yenyewe hukaa ndani ya 50S, kwenye njia ya kutokea, na mnyororo mchanga hukwama humo.

Kwa kawaida zote mbili husimamisha ukuaji, kisha kinga ya mwili humalizia.

Tofauti kubwa kwa mgonjwa ni muda. Azithromaisini hudumu mno kwenye tishu, hivyo dozi moja hutosha katika kampeni za trakoma, ugonjwa wa macho, Tanzania na Kenya. Kwa klamidia, ugonjwa wa zinaa, hata hivyo, mimi naegemea doksisaiklini ya miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 7: huponya vizuri zaidi, hasa maambukizi ya njia ya haja kubwa. Mjamzito hupewa azithromaisini, kwa sababu doksisaiklini inaweza kuyatia rangi meno ya mtoto. Mwenye matatizo ya mapigo ya moyo amweleze daktari kabla ya kumeza azithromaisini.