Wageni Wadogo Katika Tangi la Maji ya Bahari: Nini Ununue Kwanza, na Nini Usikiharakie

Anayeanzisha tangi la maji ya bahari nyumbani huwa amejiandaa kwa samaki na matumbawe, lakini hajajiandaa kwa vidoa vyeupe vinavyorukaruka juu ya kioo usiku wa wiki ya tatu, wala kwa mnyoo mwenye manyoya ubavuni anayechungulia kutoka kwenye tundu la jiwe. Viumbe hawa huingia pamoja na mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wadogo ndani yake), hujificha chini ya matumbawe yaliyonunuliwa, na wengine huja wakiwa bado mayai. Wanapojitokeza, wengi wetu hukimbilia dawa. Nami nilifanya hivyo mwanzoni: nilitia dawa tangi zima kwa sababu ya vidoa ambavyo baadaye nilikuja kujua kwamba vilikuwa kopepodi, chakula bora cha samaki wadogo, na kwa dawa hiyo nikapoteza uduvi wangu wote.

Kwa hiyo mwongozo huu unapanga vitu vya kununua kwa utaratibu unaoweza kumshangaza anayetarajia kuona dawa ikiwa juu. Nimeangalia mambo matatu: kitu hicho kinasaidia dhidi ya viumbe wa aina ngapi, kikikosewa kinaharibu nini, na je, uharibifu huo unarekebishika?

Nafasi ya kwanza: kioo cha kukuzia na tochi ya mwanga mwekundu

Hakuna kifaa kinachookoa viumbe wengi zaidi kuliko kioo cha kukuzia kilichoambatana na tochi. Wageni wengi wa tangi hutoka usiku, na mwanga mweupe huwafanya wajifiche kabla hujawatambua, ilhali mwanga mwekundu hauwashtui sana. Tochi ya kawaida iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu ya plastiki inatosha. Ukinunua kioo cha kukuzia, chagua kinachokuza mara 10, na ukiweza upate pia lenzi ya kubandika kwenye kamera ya simu, maana picha iliyopigwa leo hukuwezesha kulinganisha na hali ya wiki ijayo, na hukuruhusu kumwonyesha mtu mwenye ujuzi kiumbe chenyewe badala ya kumweleza kwa maneno.

Ukishaona vizuri, utagundua kwamba wageni walio wengi ni wa heri. Kopepodi, wale vidoa wanaoruka juu ya kioo, na amfipodi, ambao hufanana na uduvi wadogo waliojikunja, hula mabaki na mwani na wenyewe huliwa na samaki. Samaki kama Synchiropus splendidus huwategemea kopepodi kiasi kwamba katika tangi lisilo nao mara nyingi hukonda na kufa. Mnyoo wa kawaida mwenye manyoya hula chakula kilichooza katika nyufa ambazo hakuna chombo chako kinachozifikia. Wakiongezeka kupita kiasi, shida kwa kawaida haiko kwa minyoo bali kwenye mkono unaolisha: punguza chakula, nao watapungua. Manyoya yao huchoma na kuwasha, basi usiwashike bila glavu. Yakikuingia, bandika utepe wa gundi juu ya ngozi na uuvute, nayo yatatoka nao.

Wa kuogopwa ni wachache, nao wana alama zao. Aiptasia ni anemoni (mnyama wa bahari anayefanana na ua) mdogo wa rangi ya kahawia angavu, mwenye mikono mirefu myembamba, ambaye hujirudisha ndani ya tundu ghafla akiguswa na huyachoma matumbawe jirani. Minyoo bapa wekundu huonekana kama madoa ya kutu yaliyosambaa juu ya mchanga na mawe, na ukiwatazama kwa kioo cha kukuzia utaona mikia yao yenye ncha. Vermetidi ni konokono asiyetembea. Hujenga mrija mgumu na kutandaza nyuzi za ute ambazo huyasumbua matumbawe. Kamba-vunjajungu, mwenye mikono iliyokunjwa kama ya mdudu vunjajungu, hujulisha kuwapo kwake kwa mlio wa kugonga unaosikika usiku na kwa konokono wanaokutwa wamevunjwa asubuhi. Kaa mwenye manyoya na kucha nyeusi naye ashukiwe. Viti vya pwani vidogo vya jenasi Asterina, visivyozidi ukubwa wa ukucha, vina kesi ngumu zaidi, kwa sababu vingi hula utando wa mwani tu, ilhali baadhi huonekana vikila matumbawe ya zoantidi. Usivihukumu mpaka uvikute juu ya tumbawe lenye jeraha.

Nafasi ya pili: tangi la karantini

Nikiulizwa ni ununuzi gani mmoja ambao ningeufanya mapema zaidi kama ningeanza upya, ningejibu bila kusita kwamba ni tangi dogo la pembeni, ambamo matumbawe mapya hutengwa kabla ya kuingia tangi kubwa. Kwa vipande vya matumbawe, tangi la lita 40 linatosha: lina hita, pampu ndogo ya kusukuma maji, taa ya wastani, na chujio la sifongo ambalo limekaa wiki kadhaa katika tangi kubwa ili lipate bakteria. Chumvi iwe ileile ya tangi kubwa, yaani takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na joto liwe karibu nyuzi 25 hadi 26 za Selsiasi. Usiweke mawe wala mchanga ndani yake. Sakafu iliyo wazi ndiyo inayokuwezesha kumwona kila anayeanguka kutoka kwenye tumbawe.

Sababu ya kuliweka juu ya dawa za kuchovya, yaani zile ambazo tumbawe jipya hutumbukizwa ndani yake kwa dakika chache, ni mayai. Karibu kila dawa ya kuchovya humwondoa mnyoo au konokono aliyekwisha kuanguliwa, lakini yai lililobandikwa kwenye mfupa wa tumbawe hubaki salama na huangua baadaye. Minyoo bapa wanaokula matumbawe ya Acropora hutaga sehemu ya chini iliyokufa, ambapo mnunuzi hatazami. Kwa hiyo tumbawe likifika, ling'oe kutoka kwenye kitako kililogundishiwa dukani, ukate sehemu iliyokufa, uligundishe juu ya kitako kipya, kisha ulichovye na kulikagua kila wiki. Mimi hushikilia wiki sita, na sijawahi kujuta kwa kungoja. Nimejuta mara moja tu, nilipofupisha muda huo hadi siku nne kwa sababu tumbawe lilionekana safi.

Nafasi ya tatu: dawa ya kuchovya matumbawe

Dawa hizi ziko katika makundi ambayo hayafanani, ingawa chupa zake hufanana. Zenye iodini husaidia zaidi kusafisha majeraha na kuzuia maambukizi. Usizitegemee pekee dhidi ya minyoo bapa. Zilizotengenezwa kwa mafuta ya mimea na zile za chumvi ya potasiamu huwafanya wadudu walegee na kuachia, na kwa lengo la mwongozo huu ndizo ninazozipendekeza. Soma kibandiko: dawa isiyotaja kipimo kwa lita, muda wa kuchovya, na aina za matumbawe yasiyoistahimili, iache dukani.

Pamoja na dawa nunua ndoo mbili na bomba la mpira la kupulizia maji, lile la jikoni la kumwagilia nyama mchuzi. Ndoo ya kwanza iwe na maji ya tangi yenye dawa, ya pili maji safi ya tangi ya kusuuzia. Katika dakika za kuchovya, pulizia kila ufa mara kwa mara, kwani mdudu aliyelegea bado anaweza kunasa palepale. Kisha mwaga maji yote mawili nje. Yasirudi kamwe katika tangi. Usimchovye uduvi, konokono wala kaa mwema aliyejificha kwenye tumbawe, maana dawa haimtofautishi na adui.

Nafasi ya nne: kibano, mpira wa kunyonyea, gundi na mtego

Hapa sina mengi ya kusema, kwa sababu vifaa hivi ni rahisi na havina hatari. Kibano kirefu cha chuma kisichoshika kutu, au cha plastiki, humtoa mnyoo au kaa aliyeonekana. Mpira mwembamba huwanyonya minyoo bapa kila unapobadilisha maji. Gundi nzito ya sayanoakrilati, ileile inayogundisha matumbawe, huziba mdomo wa mrija wa vermetidi na kummaliza bila tone la dawa. Kuhusu mtego, usihangaike na wa dukani kabla hujajaribu glasi ndogo iliyoegemezwa kwenye jiwe ikiwa na kipande cha chakula ndani: kaa hutumbukia, lakini hawezi kupanda kioo laini. Kwa kamba-vunjajungu, ambaye ni mwerevu na ana tundu lake maalumu, mtego wa kununua wenye mlango unaojifunga una faida, ingawa kulitoa jiwe zima pamoja naye mara nyingi ni haraka zaidi.

Nafasi ya tano: wanyama wanaokula wageni

Ununuzi huu huwapendeza watu kwa sababu unaonekana wa asili, nami naupenda pia, ila lazima mnunuzi akumbuke kwamba anachukua kiumbe hai chenye mahitaji yake hata baada ya kazi kwisha.

Dhidi ya Aiptasia, wa kwanza kwangu ni Berghia, konokono mdogo asiye na kombe ambaye hula Aiptasia tu na hagusi kitu kingine. Ubora wake na udhaifu wake ni jambo hilohilo moja: Aiptasia wakiisha, naye atakufa kwa njaa, hivyo panga mapema mtu mwingine wa kumpokea. Nunua kadhaa kwa pamoja, uwaweke usiku karibu na anemoni, na usitarajie mabadiliko ya haraka, kwani hufanya kazi kwa wiki nyingi. Samaki wa jamii ya Halichoeres na Pseudocheilinus huwala, na hivyo tangi lenye samaki hao halimfai.

Wa pili ni uduvi wa Lysmata wurdemanni na ndugu zake wa karibu. Hustahimili zaidi na hula vitu vingine, lakini si kila mmoja hupenda Aiptasia, na anemoni mkubwa huwashinda. Dukani huchanganywa na Rhynchocinetes durbanensis, ambaye huweza kuyala matumbawe. Mtazame kwa karibu kabla ya kulipa: Lysmata ana mwili unaopenyeza mwanga wenye mistari myembamba myekundu, ilhali yule mwingine ana mistari na madoa meupe kati ya mekundu, nundu mgongoni, na macho makubwa. Usiwaweke Lysmata pamoja na Berghia, kwa sababu konokono hao wanaweza kuliwa.

Samaki Chelmon rostratus, mwenye mdomo mrefu na mistari ya rangi ya chungwa, hula Aiptasia, lakini wengi wao hugoma kula wakiwa kifungoni. Mnunue tu ikiwa umemwona kwa macho yako akila dukani, na ikiwa tangi lako ni kubwa. Acreichthys tomentosus hula Aiptasia kwa uhakika zaidi, ila naye huweza kuyadonoa matumbawe. Kwa minyoo bapa na konokono wadogo waharibifu, Halichoeres melanurus ni mwindaji mzuri katika tangi lenye mchanga wa kulala na kifuniko, kwa sababu huruka nje. Uduvi wa Hymenocera, mzuri sana wa sura, hula viti vya pwani tu. Ukimnunua kwa ajili ya Asterina, uwe tayari kumtafutia chakula hicho maisha yake yote, la sivyo usimnunue.

Nafasi ya sita: dawa ya kumfunika Aiptasia mmojammoja

Wakiwa watano au sita, dawa nzito inayosukumwa kwa bomba la sindano mdomoni mwa anemoni hufaa. Zima pampu kwanza, mkaribie taratibu asijirudishe, umlishe dawa mpaka afunikwe, na usubiri kabla ya kuwasha pampu tena. Jambo la kutofanya ni kumkwangua au kumkata, kwani kipande cha mguu wake kikibaki juu ya jiwe hukua na kuwa anemoni mpya. Wakiwa mamia, chupa hii itakuchosha bure. Rudi kwa Berghia.

Nafasi ya mwisho: dawa ya tangi zima

Kuna dawa halali za kuua minyoo bapa ndani ya tangi lenyewe, nazo hufanya kazi. Nimeziweka mwisho kwa sababu minyoo bapa wekundu wana sumu mwilini, na wakifa kwa maelfu kwa wakati mmoja sumu hiyo huachiwa majini na inaweza kuwaua samaki. Ukilazimika, nyonya kwanza wengi uwezavyo kwa siku kadhaa, andaa maji mapya ya kutosha kwa badiliko kubwa, na uwe na kaboni amilifu mpya (mkaa maalumu unaonyonya sumu majini) tayari kuwekwa kwenye chujio mara tu wanapoanza kufa. Rudia baada ya muda unaotajwa kwenye kibandiko, kwa ajili ya walioponea.

Dawa yenye shaba isiingie kabisa katika tangi lenye matumbawe, uduvi au konokono, kwani huwaua na hunasa kwenye mawe, kisha huendelea kutoka polepole. Wala usichemshe mawe hai wala kuyamwagia maji ya moto ili kuua wadudu. Baadhi ya zoantidi, hasa wa jenasi Palythoa, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazotengenezwa na viumbe hai, na mvuke wa jiwe lililochemshwa umewahi kuwapeleka watu hospitali pamoja na familia zao. Jiwe usilolitaka tena litoe kwa glavu na miwani ya kinga, ulitie katika ndoo yenye mfuniko nje ya nyumba, na uliache likauke mahali ambapo watoto na wanyama wa nyumbani hawafiki.