Mafuta ya nyuzi za besi: yaliyonipata, na jibu nililopewa dukani

Nimepiga gitaa la besi katika kwaya ya usharika wetu hapa Moshi kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda wote huo sikuwahi kuambiwa mbele za watu kwamba tatizo langu ni vidole. Niliambiwa hivyo mwaka huu, katika duka moja la vyombo vya muziki mjini Arusha, na kijana yuleyule aliyeniuzia mafuta ya kupaka nyuzi na kunielekeza namna ya kuyatumia. Naandika hasira ikiwa bado haijaniisha, kwa hiyo msomaji aniwie radhi pale nitakapozidisha.

Nilikuwa na sababu ya kuyanunua. Tulikuwa na mazoezi karibu kila jioni, na besi yangu imefungwa nyuzi zile za kawaida zilizoviringishiwa waya wa duara, ambazo ukipitisha ukucha juu yake unasikia mlio kama wa zipu. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimechubuka, na kila nilipoteleza kutoka noti ya chini kwenda ya juu, spika ilitoa mkwaruzo ambao mwalimu wa kwaya aliulalamikia zaidi ya mara moja. Mafuta haya yametengenezwa kwa shida ya namna hiyo: yanapunguza msuguano na yanakinga chuma dhidi ya chumvi ya jasho. Kijana akaniambia nipake asubuhi na jioni, nipake kwa wingi, na nisifute, ili yaingie ndani ya nyuzi. Nilimwamini, kwa kuwa niliona ni mtu wa kazi hiyo.

Siku za mwanzo, lazima niseme ukweli, nilifurahi sana. Mkono ulikuwa ukisafiri juu ya shingo ya gitaa kana kwamba hakuna kitu chini yake, mkwaruzo ukapungua, na kidole kikapata nafuu. Wakati ule mtu angeniuliza, ningempa mafuta hayo sifa zote.

Kisha ikaja Jumapili ya mavuno. Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje, ndizi na magunia ya mahindi yamepangwa mbele, na sisi tulikuwa na wimbo unaoanza kwa besi peke yake, noti nane tu kabla sauti ya tatu haijaingia. Nilipopiga noti ya kwanza, badala ya kugonga ikatoka nzito na butu, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Nikaongeza nguvu. Kidole cha mkono wa kulia kikateleza kwenye uzi kabla hakijaushika sawasawa, noti ya tatu haikutoka kabisa, na sauti ya tatu wakaingia mapema kwa kuwa hawakuwa na kitu cha kufuata. Nilimwona mwalimu akinitazama. Wimbo tuliumaliza, lakini mwanzo ule hauwezi kurudishwa.

Jioni nilizivua nyuzi na kuzitazama chini ya taa. Katika mifereji midogo kati ya mzunguko mmoja wa waya na mwingine kulikuwa na uji mweusi wa mafuta, vumbi na ngozi ya vidole. Uchafu wa namna hiyo huongeza uzito usiolingana kwenye uzi na kuuzuia kutetema kwa uhuru, na kinachokufa kwanza ni zile sauti za juu zinazoifanya noti isikike wazi. Nilinunua spiriti duka la dawa, nikazilaza nyuzi humo usiku kucha, mbali na gitaa kwa sababu spiriti inaweza kuharibu rangi ya mbao. Asubuhi ilikuwa imekuwa nyeusi kama maji ya kuoshea sufuria ya mkaani. Nyuzi zilifufuka, ila si kama zilivyokuwa, na zilikuwa hazijamaliza hata mwezi mmoja.

Kwa hiyo nilipanda Kosta hadi Arusha na gitaa begani. Sikwenda kudai fedha. Nilitaka kumweleza yule kijana ili asimwelekeze mwingine vibaya. Hakuniamkia. Alipitisha kidole kimoja kwenye nyuzi, akacheka kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wateja wote waliokuwepo: "Mzee wangu, mafuta hayana shida. Shida ni vidole vyako." Nikamjibu, "Kijana wangu, ni wewe uliyeniambia nisifute." Akaniambia hakumbuki, halafu akaongeza kwamba wapigaji wakubwa duniani hawasafishi nyuzi kabisa, akageukia simu yake.

Hilo la wapigaji wakubwa ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa ni nusu ya kweli. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike. Lakini besi yake, Fender Precision ya mwaka 1962, ilifungwa nyuzi bapa, ambazo uso wake ni laini na hauna mifereji ya kuhifadhi uji, na sauti nzito iliyofifia ndiyo aliyoitaka. Muuza nyuzi asiyetofautisha nyuzi bapa na za duara anapata wapi ujasiri wa kuhukumu vidole vya mtu?

Nilipokuwa njiani kurudi nilikuwa nimeamua kuandika kwamba mafuta haya yasinunuliwe na mtu yeyote. Siwezi kuandika hivyo sasa. Rafiki yangu wa Majengo, anayepiga muziki wa dansi na ambaye besi yake ina nyuzi bapa, aliniomba ajaribu. Alipaka tone dogo kwenye kitambaa, akapitisha mara moja, akafuta papo hapo kwa kitambaa kikavu. Nilipiga gitaa lake kwa zaidi ya saa moja na sikuona kasoro hata moja. Ilikuwa raha tupu. Basi mafuta yenyewe ni mazuri, kwa nyuzi zake na kwa kiasi chake. Hata kwa nyuzi za duara, nadhani kupaka kidogo sana na kufuta kusingeniletea aibu ile.

Hata hivyo kila ninapokumbuka kicheko kile narudi nilikokuwa. Kopo lenyewe halikuwa na maelekezo ninayoweza kuyasoma, yote yalikuwa kwa lugha nisiyoijua, na kinywa pekee cha kunieleza kilikuwa cha yule kijana. Kwangu mimi bidhaa na maelekezo yake ni kitu kimoja, na kwa hesabu hiyo nilichouziwa kilikuwa kibovu.

Kopo nimempa rafiki yangu. Mimi nimefunga seti mpya, na baada ya kila mazoezi nafuta kila uzi juu na chini kwa kipande cha fulana ya pamba iliyokauka vizuri. Vidole ni vilevile. Jumapili iliyopita tuliurudia wimbo ule wa mavuno, na wazee wanaokaa karibu na mlango wa nyuma walisema noti nane zote ziliwafikia.