TAHADHARI: Fundi bomba wa pale stendi kaniuzia koki feki, na ya kwangu kaondoka nayo

Jamani, naandika mikono inatetemeka. 120,000 imekwenda na maji bado yanavuja.

Ile koki ya nje, baada ya mita, aliyoifunga Mzee mwenyewe, ilianza kutoa maji shingoni, chini ya mpini. Nikatega ndoo, asubuhi imejaa. Nikamwita huyu kijana. Kwa nini nisimwamini? Wiki iliyopita alimfungia mama wa genge sinki na halijadondosha tone. Kaja na begi la spana, shikamoo ya adabu, kavua viatu barazani. Akapiga goti kwenye mita, akatikisa kichwa. "Mama, hii imekufa. Ona ufa." Akanishika mkono, akapitisha kidole changu pembeni mwa koki. Nikausikia ufa kabisa! Kumbe ni mshono wa kalibu tu, koki ilitoka nao kiwandani. Akasema nisipobadilisha leo bomba litapasuka. Nikawaza karatasi zangu za kesi zilizoko kabati la chini zitalowa, nikatoa hela. Baada ya dakika 10 karudi na koki inayong'aa, eti brasi halisi ya Italia.

Siku ya tatu inavuja kuliko ile ya kwanza. Mjomba kaja, kaigusisha sumaku, ikanasa. Brasi hainasi sumaku! Ni chuma kimepakwa rangi. Halafu akanieleza jambo lililonitoa machozi: ya Mzee ilitaka kukazwa ile nati ya chini ya mpini, robo mzunguko basi. Ikikataa, unafunga maji kule kabla ya mita, unafungua nati, unazungushia tepu ya bomba kwenye shina, unakaza tena. Tepu! Hela ya vocha!

Huyu akamatwe, alipe, azungushwe mtaa mzima watu wamwone. Mwizi mkubwa! Simu yangu hapokei. Angalieni: ana haraka, hataki uende naye dukani, risiti hana, na koki kuukuu hakuachii. Mimi aliniambia "itakuchafua mama", kumbe brasi nzito ile anaipeleka kwa wanunuzi wa skrepa.

Mpini wake una rangi ya bluu, Mzee aliupaka kwa mkono wake. Ukiiona kwenye mizani ya skrepa yoyote, nipigie hapohapo. Nitainunua hata kwa bei mara mbili.