Sangara wa Mwanza, Mbuta wa Kisumu: Dokumentari Ninazozipendekeza

Kwa miezi mitano sasa, kila Jumapili jioni, nimekuwa nikitazama filamu za hali halisi, au dokumentari kama wengi tunavyoziita, pamoja na shangazi yangu nyumbani kwake Manyatta, hapa Kisumu. Mwanzoni nilizichagua kwa kufuata tuzo zilizoshinda. Siku hizi ninatumia kipimo nilichojifunza kwake: mtu anayeishi maisha yale yanayoonyeshwa, akiitazama filamu hiyo, atajitambua ndani yake?

Iliyotushughulisha kuliko zote ni Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, ambayo Hubert Sauper kutoka Austria aliipiga mjini Mwanza na iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Inamhusu sangara, samaki ambaye sisi huku tunamwita mbuta, aliyeingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na ambaye alipoongezeka kwa kasi miaka ya 1980 aliwala fulu na samaki wengine wadogo hadi aina nyingi zikatoweka. Viwanda vilijengwa ufuoni, minofu ikawa inasafirishwa kwenda Ulaya kwa ndege, na wenyeji wakabaki na vichwa na mifupa. Sauper anarudia swali moja kwa marubani na kwa kila anayekutana naye: ndege hizi kubwa za mizigo, zinapokuja Mwanza, huja na nini? Anaingia pia katika kambi za wavuvi, ambako Ukimwi umeacha wajane na yatima, na sisi tunaoujua mtindo wa jaboya katika fuo zetu, yaani mvuvi kumpa mwanamke samaki kwa kubadilishana na ngono, hatuhitaji kufafanuliwa anachokionyesha.

Tulipofika kwenye sehemu ya mapanki, yale mabaki ya sangara yakiwa yameanikwa kwenye vichanja huku funza wakitambaa, shangazi aliniambia, "Simamisha hapo, mwanangu." Amekaanga na kuuza mgongo wazi, kama tunavyoyaita mabaki hayo hapa Kisumu, kwa zaidi ya miaka 20. Hununua mifupa langoni mwa kiwanda alfajiri, huiosha, huianika kidogo ili maji yakauke, kisha huitumbukiza katika karai la mafuta yanayochemka, na mikono yake ina madoa meupe ya kuungua kuanzia vidoleni hadi karibu na viwiko. Aliitazama ile picha iliyosimama kwa muda mrefu. "Hao akina mama wananyonywa, hilo ni kweli kabisa," alisema. "Lakini mgongo wazi si takataka. Nimesomesha watoto wanne kwa huo."

Sijasoma popote uhakiki wa filamu hiyo unaofikia uzito wa maneno hayo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani akiona kwamba imeichafua Tanzania, na suala la mapanki lilikuwa katikati ya malumbano hayo. Kwa maoni yangu, Sauper yuko sahihi anapouliza minofu inakwenda kwa nani na mfupa unabaki kwa nani, ila amemtazama mwanamke wa vichanjani kama dalili ya balaa tu, bila kukaa naye vya kutosha ili tuone ujuzi wake na hesabu zake za kila siku. Kasoro nyingine ni kwamba anamwacha mtazamaji akishuku kuwa ndege za Mwanza zilileta silaha, ilhali hatuonyeshwi hata bunduki moja ikishushwa. Hata hivyo ninaipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa mtu yeyote anayeishi kando ya ziwa hili, mradi aitazame pamoja na mtu anayeijua biashara ya samaki.

Ya pili, ambayo kwa ubora wa utengenezaji ninaiweka mbele ya ile ya Mwanza, ni The Letter ya mwaka 2019, iliyotengenezwa na Maia Lekow na Christopher King. Kijana aitwaye Karisa anapata habari kupitia Facebook kwamba nyanya yake, mwanamke mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, anaitwa mchawi, naye anarudi nyumbani Pwani kutafuta ukweli. Tuhuma zinatoka ndani ya familia yenyewe, na kadiri mazungumzo yanavyoendelea ndivyo suala la ardhi linavyojitokeza chini ya maneno ya uchawi. Watengenezaji hawamhukumu mtu. Wanaketi na jamaa wa pande zote, na ukimya wao unamfanya mtazamaji asikilize kwa makini. Sisi wa magharibi hatuwezi kusema kwamba hayo ni mambo ya Pwani, kwa maana mwezi Mei mwaka 2008 watu 11 waliteketezwa huko Kisii kwa tuhuma hizo hizo, wengi wao wakiwa wazee. Ilipokwisha, shangazi alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba katika kila kisa cha namna hiyo anachokikumbuka, ugomvi ulianzia kwenye mpaka wa shamba.

Thank You for the Rain ya mwaka 2017 itawagusa wakulima. Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani, alikabidhiwa kamera na Julia Dahr wa Norway ili arekodi maisha ya familia yake, na anatuonyesha ukame, mafuriko na dhoruba iliyoiharibu nyumba yake, hadi anapofika kwenye mkutano wa tabianchi wa Paris mwaka 2015. Wenzetu wa Nyando na Budalangi wanaohama kila mafuriko yanapokuja watayaelewa mengi bila manukuu. Softie ya Sam Soko, iliyotoka mwaka 2020, inamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi akiwania ubunge wa Starehe mwaka 2017. Ni nzuri sana, ingawa kwangu mimi kiini chake ni mkewe, Njeri, anayebeba gharama ya uamuzi wa mumewe na kuisema waziwazi.

Jambo moja la kuzingatia ni lugha. Kiswahili kinasikika katika filamu hizi, lakini manukuu tuliyoyapata yalikuwa ya Kiingereza, na pale wahusika walipozungumza lugha nyingine nililazimika kumtafsiria shangazi kwa sauti ya chini. Ninawasihi pia msinunue nakala za mitaani. Duka moja la mjini liliniuzia nakala iliyokatika dakika 20 kabla ya mwisho, na nilipoirudisha nikaambiwa kwamba filamu ndivyo inavyoisha. Tangu siku hiyo ninatafuta njia halali, hata kama ni lazima nisubiri hadi mwisho wa mwezi nipate bando la kutosha.

Jumapili ijayo wenzake shangazi watatu wa chama, wote wauzaji wa mgongo wazi, wanakuja kuitazama ile ya Mwanza. Ameniagiza nianze moja kwa moja na sehemu ya vichanja, kisha nisimamishe picha hapo ili wao ndio wazungumze kwanza.